Makombe ya Ukingo wa Kuywa

Kitale,
Jumamosi, 3 Februari 2024

Kwako Senge Edah, shangazi yangu,

Mulembe sana. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kuku wako pia, maana nikiuliza hali yako bila yao utaninunia. Huku asubuhi ni baridi ya kuvunja meno, mchana jua, na mahindi ya watu bado yako ghalani yakingoja bei. Baba nilimwona Webuye wiki iliyopita. Siku hizi anatengeneza pampu za maji, na goti linamsumbua. Nilipotaja jina lako alirudi kwenye pampu yake kama kawaida, lakini nilipokuwa nikiondoka akauliza, "Dada yangu bado anafuga?"

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikupigia nikapaza sauti mpaka jirani akaja kuuliza ni nani amekufa, na wewe bado unajibu, "Nani? Nani?" Tangu sikio lako likatae, naona heri tumtumie Gicheru. Si yeye hupita kwako kila wiki kuchukua mayai ya kuuza soko la Kitale? Barua italala kwenye trei kama yai la thelathini na moja.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi! Mkubwa wangu ni Daktari Jelimo, mwanaakiolojia. Anachimba ardhi polepole, kijiko kwa kijiko, ili ajue watu wa kale waliishi vipi. Alichimba pango moja huko mlimani Elgon, na vitu vyote sasa viko hapa Kitale kwenye mifuko. Mimi ni mmoja wa wanaoviosha kwa mswaki. Ndiyo, Senge, mswaki wa meno. Ulinisomesha miaka yote ile ili nije nipige mswaki meno yasiyo yangu.

Fungu langu ni makombe. Pangoni hakuna bahari, lakini tumepata simbi tisa, zile zenye mdomo wa menomeno. Simbi huishi baharini tu. Kufika Elgon zilipita mkono hadi mkono, labda miaka mingi. Kila moja imekatwa mgongo ili uzi upite. Kuna mtu alizivaa akajiona maridadi, halafu mimi leo naziosha povu.

Mambo ya mkataba wa kazi usiniulize. Niulize mambo ya simbi.

Mwanao,
Phelista


Bungoma,
Jumamosi, 17 Februari 2024

Mwanangu Phelista,

Barua yako ilifika na alama ya yai lililopasuka, lakini maneno yote yalisomeka. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Sikio ni lile lile. Kanisani nimehamia benchi la mbele, na sasa mchungaji anadhani nimeokoka upya. Mama Judy wa ng'ambo amepata mjukuu wa tatu. Mwambie baba yako apake goti mafuta ya moto. Usimwambie ni mimi nimesema.

Niliposoma "makombe" nilidhani umeshinda mpira, nikataka kuita majirani. Kumbe ni magamba!

Simbi nazijua. Kukhu yangu, nyanya Nabwile, alikuwa na mkanda wake wa zamani ulioshonwa simbi. Alipobatizwa alizifumua moja moja akatupa sisi watoto tuchezee. Sijui zilipotelea wapi. Labda siku moja Daktari wako atazichimba, aandike kwamba watu wa kale walicheza kete.

Sasa nisikilize, maana nami nina habari ya magamba. Tangu Novemba kuku wangu walikuwa wakitaga mayai laini kama mfuko wa plastiki. Bwana mifugo akaniambia wamekosa chokaa. Basi siku moja nilishuka mtoni, pale chini ya shamba ambapo Kuywa hula ukingo, nikaona mstari mweupe ndani ya udongo, mnene kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Kuchokoa, ni magamba matupu! Yale mawilimawili, kama sahani mbili zilizofunikana. Nilijaza ndoo, nikayatwanga kwenye kinu, nikachanganya na pumba.

Wiki tatu tu, Phelista, mayai yakawa magumu kama mawe. Gicheru anasema hata matuta ya barabarani Kamukuywa hayayavunji tena.

Kwa kuwa unalipwa kupiga magamba mswaki, nakutumia mawili na hiki kigae cha chungu nilichokuta katikati yao. Osha, kisha unitumie risiti.

Senge yako,
Edah


Kitale,
Jumatano, 21 Februari 2024

Kwako Senge,

Mulembe, na pole kwa haraka. Gicheru ananingoja nje akipiga honi. Mimi ni mzima. Nimemwambia baba kuhusu mafuta ya moto na sikusema ni ya nani, lakini alicheka peke yake.

Senge, tafadhali sana usiendelee kuchimba pale mtoni. Hata ndoo moja.

Magamba uliyonitumia ni kombe wa mto, na moja limeungua ukingoni, kama kitu kilichowekwa karibu na moto ili kifunguke. Halafu hicho kigae! Kina mistari ya mawimbi iliyochorwa chungu kikiwa bado kibichi. Vigae vya namna hiyo hupatikana kando ya ziwa, kwenye majalala ya watu walioishi zamani sana, kabla babu zetu hawajafika huku na majembe yao. Walivua, wakawinda, wakaokota kombe, wakala, wakatupa magamba pale pale mwaka baada ya mwaka. Mstari wako mweupe unaweza kuwa meza yao.

Naomba unijibu haya. Mstari una urefu gani? Umetoa ndoo ngapi? Magamba ya chini ni sawa na ya juu? Kuna mifupa? Kuna mtu mwingine anayechimba?

Nisamehe kwa kukuuliza kama polisi.

Phelista


Bungoma,
Alhamisi, 28 Machi 2024

Mwanangu,

Kesho ni Ijumaa Kuu, na nimesonga ugali wa wimbi mapema ili nipate nafasi ya kuandika. Ndugu zako wa Lwakhakha walipita na ndizi, nikawapa mayai, kwa hiyo tumelingana. Mvua imeanza. Nimepanda maharagwe.

Barua yako nimeipata jana. Ndiyo, jana. Gicheru alikuja ameinamisha kichwa. "Mama, hii kitu ilikaa chini ya kiti ya gari wiki tano. Nilikuwa natafuta spana ndio nikaiona. Pole bana."

Katika hizo wiki tano tumetwanga magunia kumi na moja.

Usilie. Nilipoanza nilichukua ya kuku wangu tu, lakini Mama Judy alipoona mayai yangu akaomba, na mwenzake akaomba, na kikundi chetu cha akina mama kikaomba. Nani angenyima? Sisi tuliona magamba, mwanangu. Hakuna aliyetuambia ni meza ya mtu.

Unauliza kama magamba ya chini ni sawa na ya juu. Sivyo. Ya chini ni makubwa kama kiganja changu, ya juu madogo kama sarafu. Nilifikiri ya chini ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo nilichimba kuelekea huko. Mifupa ya samaki ipo. Vigae ni vingi, hivyo niliviweka kando kwa sababu kuku hawali vigae.

Maswali yako mengine sina jibu. Hayo mambo ya kupima urefu tuyaache. Mahali penyewe ni padogo tu, na mto utapachukua hata hivyo.

Pasaka njema. Kula nyama, umekonda kwenye picha.

Edah


Kitale,
Jumapili, 7 Aprili 2024

Kwako Senge,

Nimekula nyama. Daktari Jelimo alitualika kwake sikukuu, na mumewe Kipsang alichoma mbuzi mpaka nikashindwa kufunga mkanda. Rafiki yangu Emmy anakusalimu, yule tunayeosha naye.

Sikulia kwa sababu ya magunia kumi na moja. Nililia kidogo.

Senge, kuna jambo nilikuficha. Siku ile magamba yako yalipofika, kabla sijakuandikia, nilimwonyesha Daktari. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza yametoka wapi, nikamwambia: kwa shangazi yangu, kwenye shamba lake. Anataka kuja kuona. Ningekuomba ruhusa kwanza. Sikuomba.

Anasema wewe ulimfundisha jambo kwa mstari mmoja. Makubwa chini, madogo juu. Nikamsomea hayo maneno yako, akagonga meza. Watu hao walipofika kwanza mtoni, kombe walikuwa wamezeeka na kunenepa bila mtu kuwasumbua. Watu wakala, watoto wao wakala, wajukuu wakala, na kombe hawakupata tena nafasi ya kukua. Hata gamba lenyewe lina mistari kama mti uliokatwa, na ukisoma mstari wa mwisho kwa hadubini waweza kujua kama aliliwa kiangazi au masika. Nani angedhani kwamba chakula cha mtu wa zamani hivyo kina tarehe?

Hatachukua shamba. Atachimba shimo dogo, atalifukia, na kila kitu kitaandikwa kimetoka kwako. Niambie ndiyo, Senge, au niambie hapana, lakini niambie.

Phelista


Bungoma,
Jumamosi, 20 Aprili 2024

Phelista,

Sisi ni wazima. Mvua ni nyingi.

Usimlete mtu hapa. Asije na kamba wala kamera, wala asiende kwa chifu kuuliza shamba ni la nani. Nimeacha kuchimba, kama ulivyotaka. Na wewe acha.

E.


Kitale,
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwako Senge yangu,

Mulembe, hata kama hutajibu. Hii ni barua ya tatu tangu ile yako fupi. Gicheru anaapa amezitia zote mbili mkononi mwako, na kwamba uliziweka mfukoni bila kuzifungua. Leo namtuma na gunia la chokaa ya mifugo kutoka duka la Kitale. Umeacha magamba kwa sababu yangu, basi kuku wasiumie kwa sababu yangu.

Baba goti limepona. Amesema mafuta ya moto ni dawa ya ajabu, na mtu aliyeyasema "tangu utotoni alikuwa mjuaji." Nilijifanya sijaelewa.

Sikuja na mtu. Daktari nimemwambia umekataa. Akasema, "Basi amekataa. Shamba ni la mwenyewe," akarudi kwenye simbi zake. Hakukasirika. Mimi ndiye nilikasirika, nikajiuliza kwa nini senge aliyenifundisha kuuliza maswali hataki kuulizwa.

Halafu nikakumbuka kwamba na mimi kuna swali nililokukataza. Mkataba wangu unaisha Julai. Nilijua tangu siku ya kwanza. Sikutaka ujue kwamba uliliambia kanisa zima mtoto wako amepata kazi, kumbe ni ya miezi sita. Siandiki haya ili unihurumie. Naandika kwa sababu mmoja wetu lazima aanze kusema.

Mwanao siku zote,
Phelista


Bungoma,
Jumanne, 25 Juni 2024

Mwanangu Phelista,

Mulembe. Chokaa ilifika, kuku wanakula, na Gicheru ameonywa asiguse hii barua isipokuwa kwa mikono miwili. Barua zako zote nimezisoma sasa, kwa mpango, kutoka ya kwanza. Nilicheka mahali pengine na kwingine nikaona haya.

Miezi sita ni kazi. Nimelirudia hilo kanisani pia.

Mwezi wa Mei Kuywa ilifurika. Wewe uliona mafuriko kwenye televisheni, mimi niliyaona mlangoni. Usiku kucha mto ulinguruma, hata mimi niliusikia kwa sikio langu hili, na asubuhi kipande kikubwa cha ukingo kilikuwa kimeondoka, pamoja na ndizi zangu nne. Nilisimama pale nikatazama magamba yakisombwa na maji, meupe kama popkoni. Nikasema moyoni, nilimkataza mwanangu, lakini mto haukuniomba ruhusa. Nusu imekwenda, Phelista. Nusu imebaki, imekatwa wima kama mkate.

Sasa nikuambie kwa nini nilikataa, maana wewe umetangulia kusema.

Mume wangu alipofariki na watu wake wa Lugulu wakanirudisha kwetu, babu yako alinishika mkono akanipeleka pale mtoni. "Edah, kutoka huu mkonge hadi majini ni kwako. Atakayekuuliza, mwambie aniulize mimi." Miaka miwili baadaye hakuwepo tena wa kuulizwa. Siku ya kugawa shamba, baba yako alisimama akasoma karatasi ya mipaka mbele ya ukoo. Alisoma jina la kila mwanamume. Langu halikuwepo. Nilingoja ageuke anitazame. Alikunja karatasi akaketi.

Sikusema kitu, naye hakusema kitu. Sasa ni miaka tisa. Hati bado iko kwa jina la babu yako. Kila mtu hunyamaza, nami nafuga kuku ndani ya huo unyamavu. Siku mtu atakapofungua kamba kupima, ukoo utakumbuka kwamba binti ameketi pale bila karatasi. Hiyo ndiyo kamba niliyoiogopa. Daktari wako sikumwogopa.

Lakini nilipoona nusu ya pili inaning'inia juu ya maji, nilijiona mjinga. Namlinda nani kwa kunyamaza?

Mwambie Daktari aje.

Na mpe hili gamba. Nimeliokota baada ya mafuriko. Tazama ukingo wake mmoja, umelika ukanyooka, laini kama ulimi. Halikuvunjika, mwanangu. Kukhu Nabwile alikuwa mfinyanzi, na alikuwa na gamba hivi hivi la kulainishia chungu kabla hakijakauka. Ukilishika mkono wa kulia linakaa vibaya. Shika kwa kushoto. Umeona?

Edah


Kitale,
Jumatatu, 15 Julai 2024

Kwako Senge,

Mulembe mara mia. Emmy amepata homa lakini amepona. Mahindi yamefika mabegani. Mimi bado nina kazi, na utasikia kwa nini.

Gamba lako nililiweka mbele ya Daktari. Akalitazama. "Limesagika na maji." Nikamwambia, "Lishike kwa mkono wa kushoto." Alishika, akalipitisha hewani kama anayelainisha chungu, kisha akakaa chini. Alasiri nzima tulipekua mfuko wa vipande vya magamba ya mto kutoka pangoni, vile tulivyoandika tu "vimevunjika." Humo tukapata vitatu vilivyolika vivyo hivyo. Tungevirudisha stoo, Senge. Ni kukhu yako aliyeviokoa. Daktari ameandika jina lake, Nabwile, kwenye daftari lake, na ameongeza mkataba wangu mpaka Desemba, kwa ajili ya uchimbaji wa kwako.

Lakini kwanza nilikwenda Webuye. Usikasirike. Nilimkuta baba amelala chini ya pampu.

"Baba, lile shamba la mtoni ni la nani?"

"La Edah," akajibu bila kutoka. "Nani anauliza?"

"Mbona hukulisoma siku ile?"

Spana ikasimama. Akajitoa, uso wote grisi.

"Karatasi niliandikiwa na wazee. Nilipofika mwisho nikaona jina lake halipo, na watu mia wananitazama. Nikafikiri, akiinuka kuuliza, nitasema pale pale mbele ya wote ni lake. Nilingoja aulize."

"Na yeye alingoja useme."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa, baba."

Alifuta mikono kwa kitambaa mpaka nikaona atatoboa ngozi. Halafu akaniuliza mlango wako umeupaka rangi gani, kama ni ule ule wa bluu, maana hajafika tangu siku ile. Nikasema ni kijani. "Kijani," akasema, kana kwamba nimemwambia umehamia Uganda.

Sina zaidi. Usifunge lango wiki hizi.

Phelista


Bungoma,
Jumanne, 6 Agosti 2024

Mwanangu,

Mulembe. Huku ni mwezi wa tohara, kengele za vijana mchana na jioni, na hakuna mtu atakayechimba hata viazi mpaka ziishe. Mwambie Daktari Septemba.

Jana asubuhi nilikuwa nikiosha vyombo vya kuku nikaona mtu amesimama langoni amevaa koti la harusi. Nilidhani ni mwalikwa wa tohara aliyepotea njia. Alikuwa Makokha, baba yako mwenyewe. Nyuma yake chifu, na nyuma ya chifu mpimaji na kamba.

Hakusalimu. Alipaza sauti mpaka kuku wakaruka. "Edah! Nimekuja kusoma lile jina nililoliruka!"

"Usipige kelele, nasikia," nikamwambia. Na kweli nilisikia.

Walipima mpaka majini. Wazee wawili walikuja kushuhudia, mmoja akaguna, "Mabinti wa siku hizi!" Baba yako akamwuliza kama ana jingine, mzee akasema hana, akatia sahihi. Chifu atapeleka karatasi. Nilichinja jogoo. Baba yako alikula mapaja yote mawili kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto, nami nikala mabawa.

Nimeandika vibaya. Ni furaha tu.

Edah


Bungoma,
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Mwanangu Phelista,

Mulembe kutoka kwa watu wote uliowaacha hapa kwenye uchimbaji. Mgonjwa wa tumbo amepona, kijana Kipyegon aliyekuwa akipiga picha, na sasa anakula kuliko wote. Nasikia ulifika Kitale salama na mifuko yote. Pole kwa kuondoka Jumapili. Kazi ni kazi, lakini ungengoja siku mbili! Acha nikueleze, maana Daktari ataandika kwa namba, na namba hazisemi kila kitu.

Jumatatu walifika chini kabisa, kwenye yale magamba makubwa kama kiganja. Daktari alimkataza kila mtu jembe, ikawa ni vijiti vya mwanzi na brashi. Akina mama wa kikundi chetu walichekecha. Mama Judy, yule aliyetwanga magunia manne, sasa anamfokea mtu akikanyaga kigae. Makaa yametiwa kwenye karatasi ya foili yapelekwe maabara kupimwa umri. Nilimwuliza Daktari ni miaka mingapi, akakataa kukisia. "Mama Edah, tungoje maabara iseme." Napenda mtu anayekataa kukisia.

Jumanne saa nne hivi aliniita. Nilikuta kila mtu amesimama kuzunguka shimo. Chini, mawe matatu ya jiko, meusi. Mbele ya jiko magamba yalikuwa yamejipanga kama mwezi mchanga, yamerundikana huku na huku, na katikati ya rundo kulikuwa na mahali pawili wazi, udongo mtupu, kila mahali pakitosha kigoda.

"Unaona nini?" Daktari akaniuliza.

"Naona mahali ambapo magamba hayakuanguka."

"Kwa nini hayakuanguka?"

Nilifikiri. Kisha nikapima upana wa zile nafasi kwa macho. "Kwa sababu palikuwa na mtu."

Watu wawili, Phelista. Waliketi pale bega kwa bega, moto mbele yao, wakifungua kombe na kutupa magamba pembeni na nyuma, jioni baada ya jioni, mpaka magamba yakawachora wao wenyewe. Mfupa wao hata mmoja hatukupata, na sura zao hatutazijua. Tuna nafasi zao tu.

Walipokwisha kupima na kupiga picha zote, Daktari aliniambia, "Hili shimo tunalifukia kesho. Ukitaka kuketi, keti sasa." Nilivua viatu. Nilishuka polepole, Kipyegon akinishika mkono, nikaketi kwenye nafasi moja. Magoti yalinifika kifuani, na jiko lilikuwa pale pale ambapo mkono wangu ungelitaka. Ardhi ilikuwa baridi. Nilitazama mto kama yeye alivyoutazama.

Nilisikia mtu anahema. Ni baba yako, na koti lake la harusi, anashuka kwa lile goti la mafuta ya moto. Watu wakamwambia asijaribu. Akaendelea kushuka. Alikaa kwenye nafasi ya pili, akahema, akajiweka sawa, bega lake likagusa langu.

Tulitazama maji pamoja. Kuywa ilikuwa chini, maji machache, unaona mawe. Baba yako akasema, "Edah, songa kidogo."

"Nisonge wapi?" nikamwambia. "Nafasi ni hii tu."

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona rundo la magamba pande zote mbili. Alianza kucheka. Unamjua kicheko chake, huanza tumboni kabla hakijafika mdomoni. Mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka Daktari Jelimo akatuomba kwa heshima tusitikise ukuta wa shimo, na Mama Judy akalia kwa kutuona, na baba yako akanishika mkono ili asianguke kinyumenyume juu ya chakula cha watu.

Tulibaki tumeketi hivyo mpaka walipotuletea chai.

Senge yako,
Edah